Mayai ya Mamba: Kuyachukua na Kuyaangua

Mamba wa Naili, akaaye Rufiji, Tana na Ziwa Kariba, hutaga aghalabu mayai 40 hadi 60, akayafukia mchangani na kuyalinda takriban miezi mitatu. Lakini kenge na mafuriko humnyang'anya mengi, na ndiyo sababu wafugaji wa Zimbabwe, tangu miaka ya 1960, huyachukua viotani kwa idhini ya serikali wakayaangua wenyewe.

Hatari kubwa kuliko zote i katika kuligeuza yai. Yai la kuku lina kamba za ute zinazokishika kiini, hata kuku huligeuza atakavyo, tena kwa manufaa. La mamba halina kamba hizo, na muda wa siku moja hivi baada ya kutagwa, kiinitete hupanda juu kikashikamana na utando wa ndani ya ganda, kiasi kwamba mtu akilipindua yai baadaye, kiumbe yule hung'oka au hulemewa na kiini akafa, ilhali ganda laonekana zima. Hasara hii yasikitisha, maadamu dawa yake ni penseli tu: mchukuaji hufukua kwa vidole, hutia alama upande wa juu wa kila yai kabla ya kulinyanyua, kisha huyapanga katika sanduku lenye mchanga wa kiota kile kile, alama zikitazama juu, na kuyasafirisha pasipo mtikiso kabla jua halijawa kali. Yai lenye uhai hufanya doa jeupe, ambalo baadaye huenea likawa mshipi. Lisilofanya huondolewa lisije likaoza.

Katika chumba cha kuangulia, hararati yapasa kuwa thabiti. Katika nyuzi 31 za sentigredi na chini yake hutoka majike, na kadiri ikaribiavyo 33 madume huzidi. Ikiwa juu mno au chini mno ya hapo, watoto hufa au huzaliwa na vilema. Hewa sharti iwe na unyevu mwingi, ila maji yasituame, kwani ganda hupumua kwa vitundu vyake.

Siku zikitimia, watoto hulia wangali ndani, sauti ambayo porini humwita mama aje kufukua. Mlezi naye huitikia kwa kumsaidia taratibu aliyeshindwa kupasua ganda, na ambaye kiini hakijaingia chote tumboni humwacha mahali safi penye joto, bila kumvuta, hata kitovu kifumbe.