Utafiti wa Maoni ya Wananchi: Kipimo cha Utendaji wa Halmashauri

Utafiti wa maoni ya wananchi ni zoezi la kuwauliza wakazi wa eneo fulani, kwa dodoso moja na kwa sampuli iliyoteuliwa kwa nasibu, namna wanavyozipata na kuzitathmini huduma za umma. Katika Serikali za Mitaa, zoezi hilo hukamilisha vipimo vingine. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hubainisha iwapo fedha za halmashauri zimetumika na kuandikwa ipasavyo. Hata hivyo, hati safi haielezi kama bomba la kitongojini linatoa maji, wala kama mgonjwa aliyefika zahanati amepata dawa. Jibu hilo analo mkazi.

Uzoefu wa Tanzania

Kwa Mkoa wa Kilimanjaro, mfano wa karibu ni utafiti wa REPOA uliofanyika wakati wa utekelezaji wa Programu ya Maboresho ya Serikali za Mitaa. Mwaka 2003 na mwaka 2006 wananchi walihojiwa katika halmashauri sita: Bagamoyo, Ilala, Iringa, Kilosa, Moshi Vijijini na Mwanza. Wahojiwa walikuwa 210 kwa kila halmashauri, sawa na jumla ya 1,260. Kurudiwa kwa zoezi hilo kuliwezesha kuonekana kwa mabadiliko. Mathalan, mtazamo wa wananchi kuhusu kodi ulikuwa chanya zaidi mwaka 2006, kodi ya maendeleo ikiwa imefutwa mwaka 2003.

Tangu mwaka 2013, mpango wa Sauti za Wananchi wa taasisi ya Twaweza umekuwa ukikusanya maoni kwa njia ya simu. Sampuli yake huwakilisha Tanzania Bara kwa ujumla, hivyo matokeo yake hayatoshi kuieleza wilaya moja.

Nani anapimwa?

Ugumu wa kwanza ni kutambua mwenye dhamana. Mkazi wa Tarakea, mji wa mpakani wilayani Rombo, hupita katika barabara ya Marangu hadi Tarakea inayohudumiwa na TANROADS, kisha huingia katika barabara za ndani ambazo tangu mwaka 2017 zipo chini ya TARURA. Maji husimamiwa na RUWASA, iliyoanzishwa mwaka 2019, au na mamlaka ya maji ya eneo husika. Shule za msingi, zahanati, masoko na usafi wa mazingira ni majukumu ya halmashauri.

Mkazi akiulizwa tu iwapo anaridhika na halmashauri yake, kero ya maji au ya barabara huweza kuhesabiwa kwa chombo kisichohusika, na chombo chenye dhamana kikabaki bila kuulizwa. Kwa sababu hiyo, dodoso bora huuliza kila huduma peke yake, na hutanguliza tukio kabla ya maoni: kaya ilikosa maji siku ngapi katika wiki iliyopita, au mzazi aliitwa lini mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi ya shule.

Mipaka ya takwimu

Kwa sampuli ya watu 210 iliyoteuliwa kwa nasibu, kiwango cha makosa hufikia takriban asilimia 7 juu au chini. Ongezeko la asilimia 3 la walioridhika haliwezi, kwa hiyo, kutangazwa kuwa mafanikio. Aidha, mhojiwa anayedhani kuwa mdadisi ametumwa na ofisi ya kata huweza kuficha kero yake. Usiri wa majibu na uhuru wa mdadisi ni masharti ya lazima.

Kurejesha matokeo

Thamani ya utafiti hutegemea matumizi yake. Huko Bengaluru, India, kadi ya tathmini ya wananchi iliyotolewa mwaka 1994 ilirudiwa mwaka 1999 na 2003, na matokeo yake yakatangazwa hadharani, huduma kwa huduma. Nchini Tanzania, Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ni mahali pafaapo kusomea matokeo hayo. Hapo mwananchi aliyetoa jibu hupata nafasi ya kuuliza limefanyiwa kazi gani.