Kichomi cha migodini na alama zake katika damu

Wazee wa Likasi, mji wa Katanga nchini Congo, wanakumbuka kwamba mji wao uliitwa Jadotville hadi 1966, na kwamba shaba ndiyo iliyoujenga. Kisichosimuliwa sana ni kichomi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, ikaleta watu kutoka vijiji vya mbali na kuwarundika kambini, huku usiku wa kiangazi katika Katanga ukiwa na baridi kali. Kichomi kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowafyeka, hasa wageni wa kazi.

Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini nayo ilizika watu vivyo hivyo. Mwaka 1911 wenye migodi walimwita daktari Mwingereza, Almroth Wright, akachanja makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Matokeo hayakuridhisha, kwa kuwa bakteria wa kichomi wana aina nyingi, na mtafiti Spencer Lister ndiye aliyekuja kuzitenganisha hukohuko. Katanga ilipata nafuu kwa njia nyingine: kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kutoa mikataba mirefu, nyumba za familia na chakula bora. Si kwa huruma. Wafanyakazi walikuwa adimu, na kila aliyekufa alikuwa hasara.

Alama ya kichomi katika damu ilipatikana kwingine. Mwaka 1930, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, William Tillett na Thomas Francis walichanganya seramu ya wagonjwa wa kichomi na kitu walichokitoa kwenye bakteria wenyewe, wakakiita C. Mgonjwa akiwa hoi, mashapo yalijitokeza katika neli. Akipona, hayakuonekana tena. Kilichokuwa kikishikana na C ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana, nayo leo maabara huiandika CRP.

Chanjo nayo huiamsha protini hiyo. Hupanda kwa siku moja au mbili baada ya sindano, kisha hushuka. Kingamwili hazina haraka hiyo. Huchukua wiki kadhaa. Kwa chanjo ya kichomi ya watoto, Shirika la Afya Duniani huchukua mikrogramu 0.35 za kingamwili kwa mililita kuwa kipimo cha kulinganishia.

Mtafiti Robert Austrian alithibitisha chanjo dhidi ya aina kadhaa za bakteria hao kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini miaka ya 1970, na Marekani ikaipa kibali 1977. Lakini haikuwafaa watoto walio chini ya miaka 2, mpaka wanasayansi walipoiunganisha na protini. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliianza chanjo hiyo ya watoto mwaka 2011, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto akitolewa damu siku chache baada ya sindano, mwonyeshe muuguzi kadi ya chanjo kabla majibu ya CRP hayajasomwa. Na homa ikiwapo, malaria ipimwe vilevile. Malaria si ya kusahauliwa Likasi.