Garissa na safari ya nusu sekunde

Wiki jana mjomba wangu wa Garissa alinipigia simu akiwa amekasirika. Amehama kutoka kifurushi cha faiba cha megabiti 10 hadi cha megabiti 30, lakini akiongea kwa video na bintiye aliye Toronto bado wanakatizana maneno. "Wewe si ulisomea tarakilishi? Hawa watu wameniibia?"

Hapana mjomba, hujaibiwa. Umenunua barabara pana zaidi, ila urefu wa safari ni uleule. Historia ya intaneti huko kwetu Kaskazini Mashariki inaeleza jambo hili vizuri kuniliko.

Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kufika ng'ambo. Setilaiti hizo zilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lipande, lishuke, kisha jibu nalo lipande na kushuka: jumla kama kilomita 143,000. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde. Ungelipia kasi mara kumi, nusu sekunde ingebaki palepale.

Ajabu ni kwamba hata barua pepe ya jirani kwa jirani jijini Nairobi, kama walitumia kampuni tofauti, ilipanda angani, ikaenda ng'ambo na kurudi. Ndiyo sababu KIXP ilifunguliwa Novemba 2000, ili data za nyumbani zikutane nyumbani. Telkom Kenya ikalalamika, mdhibiti akaifunga baada ya wiki chache, na ikarudi Februari 2002. Hesabu ni hiyo hiyo iliyofika Dadaab miaka kumi baadaye, pale NetHope, Inveneo na Cisco walipounganisha ofisi za misaada kwa mtandao wa redio, badala ya kila ofisi kuongea na jirani yake kupitia angani.

Juni 2009 kebo ya baharini ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, na Julai SEACOM ikaanza kazi. Wakati huo serikali, kupitia mradi wa NOFBI, ilikuwa ikilaza nyaya za faiba nchi kavu. Ndani ya faiba mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi kwa barabara, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 4 tu. Toronto je? Hata kebo ingenyooshwa bila kona, kilomita 12,000 kwenda na 12,000 kurudi ni milisekunde 120, na kebo za kweli huzunguka sana. Hakuna kifurushi kinachofupisha bahari.

Lakini njia haina urefu tu, ina usalama wake pia. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa, na mtandao ukawa wa kusuasua mbali kabisa na bahari. Kwetu sisi kuna machungu zaidi. Tarehe 13 Januari 2020, al-Shabaab walishambulia Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Waliua walimu watatu, na mnara wa mawasiliano nao ukaharibiwa. Mnara ukianguka mahali penye mnara mmoja, hakuna M-Pesa, na hakuna namna ya kumpigia simu daktari. Hapo megabiti ni hadithi tu.

Tangu Julai 2023 Starlink inauzwa Kenya. Setilaiti zake ziko kilomita 550 hivi tu kutoka ardhini, kwa hiyo ile nusu sekunde haipo tena. Faida yake nyingine, naona, ni kuwa njia ya pili isiyopitia mtaro ule ule.

Kwa hiyo nimemshauri mjomba arudi kwenye megabiti 10, maana zinamtosha. Pesa atakazookoa aweke laini ya akiba ya kampuni nyingine, ila aulize kwanza: "Nyaya zenu zinapita wapi kutoka Garissa?" Wakimtajia mtaro ule ule, asinunue.

Na kuhusu bintiye, nimemwambia amalize sentensi, anyamaze kidogo, halafu asubiri. Toronto ni mbali, mjomba.