Kufuli Lisilo na Saini

Kufungwa kwa maneno si jambo geni katika nchi za Waswahili. Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo nchini Kenya kwa ajili ya waraka wake, *Kenya: Twendapi?* Alitoka gerezani mwaka 1972, na mashairi aliyoyatunga humo yakachapishwa mwaka uliofuata katika diwani ya *Sauti ya Dhiki*. Hapa Zanzibar, gazeti la *Dira* lilipigwa marufuku Novemba 2003. Machungu yalikuwa makubwa, lakini mara zote mbili mkono uliofunga ulijulikana. Palikuwa na amri, na mwenye kuonewa alimjua wa kumlalamikia.

Zama za simu zimeleta kufuli la namna nyingine. Msomaji na tuuache ufuo wa bahari, twende zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita hapo kuingia Zambia, na mji wa Nakonde uko ng'ambo tu ya mpaka. Ni mji wa malori na biashara, ambako habari ni mali. Wakazi wake wameyaona makufuli ya nyumba zote mbili.

Oktoba 2020, uchaguzi wa Tanzania ulipowadia, Twitter na WhatsApp zilikwama. Kampuni ya Twitter yenyewe ilisema inaona dalili za kuzuiwa. Palizuka pia madai kwamba ujumbe mfupi wenye jina la mgombea Tundu Lissu haufiki. Agosti 2021 ikawa zamu ya Zambia: siku ya kura mitandao ya kijamii ilizuiwa. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa Tanzania, na tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa.

Mwenye simu aliona nini? Hakuona hati wala muhuri. Aliona kiduara kikizunguka. Je, ni mnara ulioharibika, ni salio lililokwisha, au ni mkono wa mtu? Hapo ndipo shaka huzaliwa, nayo haifi mtandao unaporejea. Ujumbe ukichelewa, hudhaniwa umezuiwa. Uvumi ukipita, huaminiwa, kwani habari ya kuukanusha imekosa njia. Hivyo aliyefunga kwa kuogopa uongo huupa uongo uwanja mtupu wa kuchezea.

Hata hivyo Zambia ilitupa funzo. Asasi ya Chapter One Foundation ilikwenda Mahakama Kuu mwaka huo wa 2021, na mahakama ikaamuru mitandao ifunguliwe. Iliwezekana kwa sababu alipatikana wa kushitakiwa. Basi na sisi, kabla hata ya kubishana kama kufuli ni halali, tudai kwanza liwe na saini: nani amefunga, kwa sheria ipi, tangu lini na hadi lini. Kufuli lenye saini hufikishwa mahakamani. Lisilo na saini huhukumiwa barazani, kwa minong'ono.