FIGO: kuchuja, kufyonza upya na kupokea ishara

Neno na ngeli yake

Figo ni nomino inayotaja kimoja kati ya viungo viwili vilivyo nyuma ya tumbo, kila kimoja upande wake wa uti wa mgongo, ambavyo hutengeneza mkojo kutokana na damu. Kuna njia mbili za upatanisho: figo/mafigo (*figo limevimba, mafigo yamevimba*) na figo/figo (*figo imevimba, figo zimevimba*). Zote mbili hutumika. Lisilofaa ni kuzichanganya ndani ya matini moja. Makala haya yanafuata njia ya pili. Mwanafunzi asiandike *mafiga*, ambayo ni mawe ya kutelekea chungu. Kamusi za zamani zina pia neno *nso* kwa maana hiyohiyo ya figo.

Kitenzi kinachopotosha

Karibu kila maelezo ya Kiswahili husema kwamba figo huchuja damu. Kauli hiyo ni kweli, ila kitenzi *kuchuja* huja na picha yake ya jikoni. Mtu akichuja tui kwa kifumbu, kinachopita ndicho kinachotakiwa. Machicha hubaki, kisha hutupwa. Msomaji aliyezoea picha hiyo hudhani kwamba damu safi hupita na uchafu hubaki umenasa ndani ya figo. Katika tafsiri moja niliyopewa kuisahihisha, mwanafunzi aliandika kuhusu “machujio yanayopaswa kuoshwa”. Mgonjwa akisoma hivyo, hatuwezi kumshangaa akitafuta dawa ya mitishamba ya kuosha figo.

Hali halisi ni tofauti. Kwenye glomeruli, yaani vifundo vya kapilari vilivyo mwanzoni mwa kila nefroni, kinachobaki upande wa damu ni chembe za damu na protini kubwa, ambazo mwili unazihitaji. Kinachopita ni maji pamoja na chumvi, sukari na taka kama urea: vinavyofaa na visivyofaa kwa pamoja. Kila figo ina nefroni zipatazo milioni 1. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180, ilhali mkojo huwa kwa kawaida lita 1 hadi 2. Sehemu iliyosalia, takriban asilimia 99, hurudi katika damu. Kwa hiyo kazi kubwa ya figo hufanyika baada ya kuchuja.

Vitenzi vinne, kazi nne

1. *Kuchuja*: maji na vilivyoyeyuka ndani yake kupita kutoka damuni kwenye glomeruli.
2. *Kufyonza upya*: seli za virija kurudisha damuni kile kinachohitajika.
3. *Kusukumia kirijani*: seli kuhamisha dutu kutoka damuni hadi kwenye kirija. Penisilini huondoka kwa wingi kwa njia hii.
4. *Kutoa*: kinachosalia kuondoka mwilini kwa mkojo.

Si sahihi: *Figo huchuja glukosi na kuirudisha.* Sentensi hii inaweza kueleweka kwamba kurudisha ni sehemu ya kuchuja.
Sahihi: *Glukosi huchujwa kwenye glomeruli, kisha hufyonzwa upya katika virija.*

Hadubini, si darubini

*Darubini* ni neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya kuona mbali. Kwa chombo cha kukuzia vitu vidogo tumia *hadubini*. Kwa hadubini za kale Marcello Malpighi alieleza vifundo vya figo mwaka 1666, na mwaka 1842 William Bowman alionyesha kwamba kifuko kinachozunguka kifundo huendelea na kuwa kirija. Vipande walivyovichunguza, hata hivyo, havikuwa na uhai.

*Hadubini ya fotoni mbili*, iliyotangazwa mwaka 1990 na Winfried Denk na wenzake, ilileta badiliko kubwa. Mwanga wake wa mawimbi marefu hupenya ndani zaidi ya tishu na kuzidhuru kidogo. Katika panya wa ukoo wa Munich-Wistar, ambao baadhi ya glomeruli zao ziko karibu na uso wa figo, watafiti huingiza rangi ing’aayo katika damu ya mnyama aliye hai. Rangi yenye molekuli ndogo huonekana ikipita na kutiririka kirijani. Yenye molekuli kubwa hubaki katika mishipa. Protini kidogo inayofanikiwa kupenya huonekana ikimezwa na seli za kirija. Hivyo kuchuja na kufyonza upya huonekana wazi kuwa matendo mawili, yenye mahali pawili.

Ishara

Kwa habari ambayo seli huipokea na kuitekeleza, tumia *ishara*, si *alama*, kwa kuwa alama hubaki ilipowekwa, na ishara hupitishwa. Mfano ni homoni ya vasopresini. Mwili ukipungukiwa maji, homoni hiyo hushika *kipokezi* kwenye utando wa seli za virija vikusanyavyo mkojo. Ndani ya seli, kiwango cha AMP mzunguko huongezeka. Vifuko vilivyobeba akwaporini-2, protini yenye tundu la kupitishia maji, husogea hadi kwenye utando unaoelekea mkojo. Maji hufyonzwa upya, na mkojo huwa mzito.

Si sahihi: *Homoni huchuja maji.*
Sahihi: *Homoni hutoa ishara, seli huitikia kwa kufyonza upya maji zaidi.*

Kwa mfasiri

Kabla ya kuandika *kuchuja*, uliza: dutu hii inatoka wapi, na inaenda wapi? Kama inatoka kirijani na kurudi damuni, kitenzi hicho si chake.