KODI YA KIBANDA NA RUZUKU YA KAYA



Leo nataka tuzungumze juu ya kuhesabiwa. Hapa kwetu Kerenge, wilaya ya Korogwe, serikali imemjia maskini mlangoni mara nyingi katika muda wa miaka mia na ishirini na zaidi, na kila ilipokuja ilikuja na daftari mkononi. Mara nyingi ilikuja kuchukua. Miaka hii ya karibuni imekuja kutoa. Nasikia watu barazani wakizidharau hizi pesa za TASAF, wakisema ni kufuga uvivu, na wengine wakizisifu kana kwamba hazina asili. Mimi nasema asiyelijua daftari la kwanza hawezi kulihukumu hili la mwisho.

Daftari la kwanza lilikuwa la Wajerumani. Mwaka 1898 walianza kutoza kodi ya kibanda, rupia tatu kwa kibanda. Zingatia, ndugu yangu: kwa kibanda, si kwa mali. Mwenye zizi la ng'ombe alilipa, na mwenye chungu kimoja na jembe lililokwisha meno alilipa. Wala fedha haikuwa shabaha peke yake. Walowezi walikuwa wamekwisha kujitwalia ardhi Usambara na bondeni, na sasa walitaka watu wa kuilima. Lakini mtu mwenye ndizi zake na mahindi yake ana haja gani ya kumlimia mgeni? Hana, ila atiwe katika dhiki ya kutafuta rupia. Na kodi haikutosha. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume Msambaa alipewa kadi, na ikamlazimu afanye kazi siku thelathini katika kila miezi minne kwa mlowezi. Asipofanya, huchukuliwa kwenye kazi za serikali. Kadi ile ndiyo kipande. Babu yangu alikuwa nacho, nami nilikiona nikiwa mdogo, kabla mchwa hawajakiwahi.

Linganisha na zaka. Dini yetu imeweka kiwango, nacho ni nisabu. Aliye chini yake hadaiwi kitu. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimfahamisha kuwa zaka itatolewa na wenye nacho miongoni mwa watu wale, irudi kwa mafakiri wao. Kodi ya kibanda iligeuza mambo juu chini: ilimtoza yule yule ambaye katika hesabu ya zaka angelikuwa mpokeaji. Waingereza walipokuja waliendelea nayo, wakaitungia sheria yao mwaka 1922, ya kibanda na ya kichwa.

Na kodi hiyo ndiyo iliyojaza mashamba ya mkonge. Mmea wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf kutoka Florida. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa, iliyofika hai ni 62 tu. Kutoka miche hiyo sitini na miwili yalizaliwa mashamba yote unayoyajua: Ngombezi, Magunga, Hale, Mwelya, Magoma. Watu wa hapa hawakupenda kukata mkonge, nao walikuwa na haki, maana miiba yake haina adabu. Basi wakaletwa watu wa mbali, kutoka Kigoma, Njombe, Songea, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwatafuta, iliyoitwa SILABU. Kila mtu alipewa namba, na kwa namba hiyo wakaitwa manamba. Kipande cha mkonge kilikuwa na siku thelathini za kazi. Siku isiyokamilisha kiasi haikuandikwa.

Mwaka 1964 nchi ilitoa kama tani 230,000 za mkonge, na hapajawahi kuwa na mwaka kama huo tena. Ikaja kamba ya nailoni, bei ikaanguka. Oktoba 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, serikali ikayatwaa mashamba mengi. Lakini azimio halizuii nailoni. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa kama tani elfu ishirini. Korona zikanyamaza, magugu yakapanda juu ya reli za matoroli. Na manamba je? Kijana aliyeshuka kwenye treni Korogwe mwaka 1950 akiwa na miaka ishirini, sasa alikuwa mzee, kambini, hana shamba, hana ukoo, na kwao amekwisha kusahauliwa. Mwaka 1964 serikali iliunda Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, mfanyakazi akichangia asilimia tano na mwajiri asilimia tano, na mwaka 1997 mfuko huo ukawa NSSF. Ni jambo la kheri. Lakini ni mfuko wa mwenye ajira. Mkulima, mjane na kibarua wa siku hawakuwa na mwajiri wa kuwachangia.

Hapa hunijia kisa anachokieleza Kadhi Abu Yusuf katika Kitabul-Kharaj. Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba milangoni. Akamwuliza kilichomfikisha hapo. Mzee akataja jizya, haja na uzee. Umar akamshika mkono, akampa kitu kutoka nyumbani kwake, kisha akamwita mwenye kuiweka hazina, akamwamuru amtazame mzee huyo na wenzake. Akaona si insafu kumla mtu ujana wake kisha kumtupa anapozeeka. Mimi kila nikipita kwenye zile nyumba za kambi zilizoanguka mapaa, kisa hiki hunikaa kooni.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1960, tukapumua. Kisha katika miaka ya 1980 halmashauri zilirudishwa, nayo ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo. Wenye umri wangu mnakumbuka: mgambo alfajiri, na wanaume wazima wakilala porini kwa kukosa risiti. Ilifutwa mwaka 2003. Kwa hiyo, ukitoa ile miaka michache ya katikati, tangu 1898 hata 2003 maskini wa Kerenge alikuwa mtoaji.

Sasa lije daftari la kutoa. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2010 ukajaribu kutoa fedha mkononi katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Watafiti waliofuatilia majaribio yale waliona kaya zimeongeza mifugo midogo, na zimejiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii. Mtu mvivu hanunui mbuzi. Kutoka hapo ukaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao kwa muda wa miaka michache ulifikia kaya zipatazo milioni moja na laki moja, Bara na Visiwani. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Katika awamu ile ya kwanza kaya ilipata msingi wa shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyongeza kwa ajili ya watoto, ikilipwa kila miezi miwili. Na wenye nguvu walipata kazi za muda, shilingi 2,300 kwa siku. Awamu ya pili ilizinduliwa Februari 2020, ikakusudia kufika hata katika vijiji vilivyoachwa hapo kwanza.

Nyongeza zile zilikuwa na masharti: mtoto ahudhurie shule asilimia themanini ya siku, na mdogo apelekwe kliniki. Masharti mazuri, utasema. Nami sikatai. Lakini sharti la hazina lina nguvu ya kuingia ndani ya nyumba na kubadilisha mwenendo wa watu, kwa kheri au kwa shari, na haya aliyajua Umar kabla yetu. Baina ya mwaka wa 15 na wa 20 Hijria aliweka diwani, daftari la kuwagawia watu mali ya umma. Kwanza mtoto hakuandikiwa fungu mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja, akilinda msafara wa wafanya biashara pamoja na Abdulrahman bin Auf, akamsikia mtoto analia, akamwendea mama mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Mama, asiyejua anasema na nani, akamwambia anamwachisha ziwa mapema, kwa kuwa Umar hamwandikii ila aliyekwisha kuachishwa. Inasimuliwa kuwa katika sala ya alfajiri watu hawakuufahamu vizuri usomaji wake kwa kilio. Akaamuru kila mtoto wa Kiislamu aandikwe tangu kuzaliwa. Hakuunda kamati, naam. Ila tusisahau kuwa hazina yake wakati ule ilikuwa imejaa.

Nalo sharti kubwa kuliko yote ni lile la kwanza, la kuthibitisha kuwa wewe ni maskini. Huitishwa mkutano wa kijiji, wanakijiji wenyewe wakazitaja kaya zilizo dhaifu. Kisha huja madodoso: paa la nini, sakafu ya nini, mnakula mara ngapi. Majibu huingizwa katika kompyuta, halafu majina hurejeshwa mkutanoni yasomwe. Mkutano una faida yake, kwani jirani humjua jirani, na mwenye duka hawezi kujipenyeza. Lakini jirani hulijua lile linaloonekana tu.

Nitakupa ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Yuko bibi mmoja hapa kwetu, mjane wa mkata mkonge, niliyewasomesha wanawe wawili. Mmoja amekwisha kufa, mwingine yuko mjini na habari zake ni chache. Bibi huyu kila Alkhamisi akiwaletea watoto wa chuo sinia, mara mihogo, mara uji wa mchele. Buibui lake safi, kibanda chake kimefagiwa. Siku ya mkutano hakuja. Lilipoulizwa nani ameachwa, nami nilikuwa nimekaa safu ya mbele kwa heshima ya kilemba changu, jina lake halikunijia hata moyoni. Mwenye kuleta sinia atakuwaje maskini?

Miezi mingi baadaye aliugua, mke wangu akaenda kumtazama. Katika chumba kile hakukuwa na kitu cha kupika. Sinia la Alkhamisi ndilo lililokuwa likimla: siku tatu kabla yake alikuwa akijinyima ili lipatikane. Ndugu msomaji, katika Suratul-Baqara Mwenyezi Mungu amewasifu mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba. Neno alilomwitia mwenye kudhani hivyo ni jahili. Aya hiyo nimeisomesha zaidi ya miaka thalathini. Lawama ya jambo hili siitupi kwa mwenye daftari, yeye aliandika alivyoambiwa. Tangu siku hiyo zaka ya fitri na ile ya mahindi tunaipeleka usiku, bila orodha kubandikwa. Lakini zaka ya kijiji cha wakulima ni debe kadhaa kwa mwaka, na mwaka una siku nyingi.

Ndiyo maana nimevutiwa na walilolifanya ndugu zetu wa Visiwani. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kutoa pensheni jamii kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka sabini, awe tajiri au maskini, amewahi kuajiriwa au hakuwahi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nao mwaka 2018 walifungua mlango kama huo kwa wenye miaka sabini, shilingi 2,000 za kwao. Wako wanaopinga, wakiuliza kwa nini mzee mwenye maghorofa apewe fedha ya umma. Ni swali la haki, na kwa nchi yenye mfuko mdogo si swali dogo. Ukigawa kwa wote, fungu la kila mmoja hupungua. Mimi najibu kwa daftari la 1898. Wakati wa kuchukua, kila kibanda kilihesabiwa, na hapakuwa na mkutano wa kuwachuja wasio na uwezo. Wakati wa kutoa ndipo tumekuwa hodari wa kuchuja.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa yule bibi kumweleza kuwa orodha zitapitiwa tena, na kwamba safari hii nitasimama mimi mwenyewe nimtaje. Alikuwa anachambua mchicha. Akaniuliza:

“Maalim, majina yatasomwa mbele za watu?”

Nikamwambia ndiyo, ndio utaratibu. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza huko Unguja huwa wanasoma nini. Nikamwambia Unguja huulizwa umri na ukaazi.

“Mimi nina sabini na tatu,” akasema, akaendelea na mchicha wake.