Safari ya Kibo, Juni 1997: Masahihisho ya Taarifa Niliyoiandika

Ndugu wasomaji, katika maktaba ya shule yetu limo jalada lenye taarifa ya kurasa nne, iliyopigwa chapa kwa taipureta, yenye kichwa "Wanafunzi Wetu Waushinda Mlima Kilimanjaro". Taarifa hiyo niliiandika mimi nikiwa kidato cha tatu, kwa agizo la mkuu wa shule, kwa kuwa wakati ule nilikuwa nikisifiwa insha. Mwaka jana, katika mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, kijana mmoja wa kidato cha tano aliisoma mbele ya wageni kwa sauti nzuri sana. Alipofika ukurasa wa tatu alisoma: "Wawili walishindwa, wakarudishwa." Makofi yakapigwa. Mimi nilikuwa safu ya pili, na safu ya nyuma yangu alikuwapo mmoja wa wale wawili. Naye alipiga makofi.

Kazi yangu serikalini kwa miaka zaidi ya ishirini imekuwa, kwa sehemu kubwa, kusoma taarifa za watu wengine. Najua jinsi sentensi fupi iliyoandikwa kwa haraka inavyokaa jaladani mpaka ikageuka kuwa ukweli. Kwa hiyo nimemwomba mhariri anipe nafasi nieleze mambo yalivyokuwa.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne na walimu wawili. Tulisafiri kwa lori la shule hadi Moshi, tukanunua makoti ya mitumba, mengine ya kike yenye vifungo vikubwa, tukapanda Marangu kupitia migomba na kahawa. Wengi wetu tulikuwa watu wa nchi tambarare. Viatu vyetu vilikuwa raba, na wawili walikuja na viatu vya mpira wa miguu.

Kiongozi wetu mkuu alikuwa mzee wa Marangu mwenye maneno machache. Pale getini alituketisha akatueleza habari za waliotutangulia, na baadaye chuo kikuu nilipata nafasi ya kuzisoma kwa kirefu. Wengi tunakumbuka kutoka darasani kwamba Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria. Yasiyosemwa darasani ni mara ngapi Meyer alirudi nyuma. Mwaka 1887 alipanda Kibo akazuiwa na ukuta wa barafu, akashuka. Mwaka 1888 hata mlima hakuufikia, maana alikamatwa na watu wa Abushiri wakati wa vita vya pwani, akaachiwa kwa fidia. Na mwaka ule ule wa ushindi wake, tarehe 3 Oktoba, walikata ngazi kwenye barafu kwa mashoka hadi ukingo wa shimo la Kibo, wakaona kilele bado kiko mbali na jua limekwenda, wakarudi kambini. Siku tatu baadaye wakapanda tena.

Walirudi kambini kwa sababu kambi ilikuwapo. Hilo ndilo lililobadilika kati ya 1887 na 1889. Meyer alifanya mapatano na Mangi Marealle wa Marangu, akaweka kambi juu sana, kwenye mwinuko unaozidi mita 4,000, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula na kuni kila baada ya siku chache. Pale kambini alikaa mtu wa Pangani aliyeitwa Mwini Amani, mtu wa pwani, katika baridi inayogandisha maji ndani ya kibuyu. Wazungu wawili walipokuwa wakihangaika na barafu, yeye alikuwa akilinda hema na moto. Jina lake tunalijua kwa kuwa Meyer, pamoja na majivuno yake yote ya kikoloni, aliliandika kitabuni mwake. Watu wa Marangu nao humtaja Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyeuonyesha msafara ule njia. Mzee huyo alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla ya safari yetu, na kiongozi wetu alimtaja kama mtu anavyomtaja babu yake.

Sisi vijana tulisikiliza kwa heshima, lakini mawazo yalikuwa juu. Tulikuwa tumelelewa na picha ya Luteni Alexander Nyirenda akiusimika Mwenge na bendera kileleni usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Kila mmoja alijiona Nyirenda. Hakuna aliyejiona Amani.

Siku ya kwanza tulipita msituni, mbega wakitutazama, tukalala Mandara, karibu mita 2,700. Siku ya pili Horombo, karibu mita 3,700. Vituo hivyo Wajerumani waliviita kwa majina ya Bismarck na Peters, na sasa vinaitwa kwa majina ya wamangi, Mandara wa Moshi ya Kale na Horombo wa Keni. Mwalimu wetu wa historia alifurahi mno kulieleza hilo, akalieleza mara tatu.

Hapo Horombo ndipo kosa letu lilipoanza. Wenye ujuzi hushauri kulala usiku wa pili pale ili mwili uzoee hewa nyembamba. Sisi fedha yetu ilitosha siku tano, na kwa ukaidi wa ujana hakuna aliyetaka kukaa. Siku ya tatu tukavuka lile jangwa lililo kati ya Mawenzi na Kibo, tukafika kibanda cha Kibo, mita 4,700, vichwa vikituuma kana kwamba tumefungwa mikanda. Ugali ulipikwa na haukulika. Ilipofika saa sita usiku tukaamshwa, tukapewa chai, tukaanza kupanda kwa mstari mmoja, tochi moja kwa watu watatu.

Kwa wanafunzi wa sasa nieleze kidogo. Huko juu kabisa, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni. Wengi huumwa kichwa na kutapika, na hiyo si hatari kubwa ikiwa mtu atapumzika. Hatari ni maji yakijaa mapafuni, au ubongo ukivimba. Mtu aliyepatwa na hili la pili hupepesuka kama mlevi na kusema yasiyoeleweka, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Nguvu za mtu hazimkingi. Mchezaji hodari huweza kuanguka, na mnyonge akapita.

Tulipumzika kwenye pango la Hans Meyer, juu kidogo ya mita 5,100. Mwenzetu wa kidato cha pili, mdogo kuliko sote, alikuwa amenyamaza tangu tulipoanza. Sasa akaanza kuuliza kengele ya chakula imepigwa saa ngapi. Baadhi yetu tulicheka. Mzee hakucheka. Alimsimamisha akamwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Hatua ya pili akaangukia mawe.

"Huyu anashuka," Mzee akasema.

Mmoja wa walimu, kwa nia njema, alisema labda apumzike kwanza, kwani imebaki kidogo.

"Mwalimu," Mzee akajibu, "nakuheshimu. Lakini kesho mimi nataka kumrudisha kwa mama yake akiwa anatembea."

Kiongozi msaidizi mmoja akamshika mkono ashuke naye. Kijana akakataa. Alipigana. Hakumjua mtu yule, na katika hali aliyokuwa nayo alidhani anachukuliwa na mgeni gizani. Ilihitajika sauti anayoijua. Mzee akatumulika na tochi mmoja mmoja, akauliza nani ni ndugu yake hapa.

Yule kijana alilala kitanda cha chini ya changu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia hesabu. Ikiwa kulikuwa na ndugu yake pale pangoni, nilikuwa mimi. Ndugu wasomaji, niliinamisha kichwa nikatazama raba zangu, nikaanza kufunga kamba ambazo zilikuwa zimefungwa.

Aliyesimama alikuwa kiranja wa bweni letu, kijana wa kidato cha nne, mkimbiaji wa mbio ndefu, ambaye hakuna aliyetia shaka kwamba angetangulia kileleni. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Haya bwana mdogo, twende tukale." Yule mdogo akampa mkono. Tuliona tochi yao ikishuka, watu watatu, mpaka ikapotea.

Yaliyobaki yamo katika taarifa yangu na sina haja ya kuyarudia sana. Kumi na wawili tulifika Gillman's Point jua likichomoza nyuma ya Mawenzi. Saba kati yetu tuliendelea hadi Uhuru. Niliona barafu nikaigusa. Vijana mtakaopanda sasa mtaikuta imepungua mno, kwani kati ya mwaka 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo la barafu ya mlima ule lilitoweka. Nilikaa kileleni dakika kumi, na sikumbuki nilifikiri nini.

Tulipofika Horombo alasiri, mgonjwa alikuwa ameketi juani akinywa uji. Kiranja alikuwa akisaidia kuosha sufuria. Alitupa mkono mmoja mmoja, akauliza, "Mmefika?" Tukasema ndiyo. Akasema vizuri, akaendelea kusugua.

Baadaye nilijua kwamba walishuka usiku kucha, wakapita Kibo bila kusimama, na njia nzima kiranja alikuwa akimwuliza yule mdogo jedwali la kuzidisha. Mwanzoni majibu yalikuwa ovyo. Karibu na Horombo, jedwali la saba lilitoka bila kosa, na ndipo wakaketi. Mgonjwa mwenyewe, ambaye sasa ni fundi magari mwenye karakana yake, hakumbuki chochote cha usiku ule isipokuwa saba mara nane.

Haya yote niliyajua nilipoandika taarifa, isipokuwa lile la jedwali. Niliandika "walishindwa" kwa sababu kichwa cha habari kilisema tumeshinda, na kwa sababu nyingine ambayo msomaji ameshaiona pale pangoni. Taarifa hiyo ndiyo iliyotumika kuandika majina kwenye ubao wa bwaloni, kumi na mawili kwa rangi ya dhahabu, langu likiwa la nne. Kiranja alimaliza shule mwaka ule, na hakupata nafasi ya kupanda tena. Nilipomweleza kwamba naandika haya, alinionya kwamba nikilitaja jina lake hatakuja kunywa chai na sisi mwaka huu. Nimemtii.

Liko na jambo lingine. Katika kurasa zile nne sikuandika jina la kiongozi msaidizi aliyeshuka nao. Niliandika "wapagazi", basi. Nimewauliza wenzangu wote niliowapata, na hakuna anayelikumbuka.

Nakala ya masahihisho haya nimempa mtunza maktaba aiambatanishe na ile taarifa ya zamani, bila kuiondoa. Habari ya ubao itaamuliwa na kamati katika kikao cha Jumamosi. Seremala amekwisha kuupima, na amesema chini ya jina la kumi na mbili pana nafasi ya mistari mitatu. Miwili tunajua cha kuandika.